Hakuna Aliyetaka Kuwa La

Mbele ya kibanda cha kinyozi, mkabala na mlango wa nyuma wa hoteli, kuna benchi la mbao ambalo mguu wake mmoja ni tofali. Hapo ndipo Mama Pacha huweka jiko lake la mkaa na birika kila asubuhi, na hapo ndipo hukaa watu ambao kazi zao ziko karibu lakini hazijaanza. Yupo kinyozi mwenyewe, anayeitwa Profesa kwa sababu hawezi kukunyoa bila kukufundisha kitu. Yupo Tani Mbili, makanika, ambaye akikaa upande mmoja wa benchi, wa upande wa pili huinuka kidogo. Yupo Sindano, fundi wa nguo, ambaye akikaa benchi halina habari. Na yupo Afande, mlinzi mstaafu, ambaye kazi imemwacha lakini yeye hajaiacha: bado humuuliza kila apitaye anatoka wapi na anakwenda wapi. Kahawa ya hapo ni nzuri, na huisha kabla ya ubishi.

Asubuhi hiyo ubishi ulikuwa juu ya Mama Pacha mwenyewe, jambo ambalo si la kawaida, maana yeye hana muda wa kuwa na ubishi. Usiku hufua mashuka ya hoteli. Kukipambazuka hutoka kwa ule mlango wa nyuma, hukimbia nyumbani kuwaandaa pacha wake kwenda shule, hurudi kijiweni kuwasha jiko, na kahawa ikiisha huenda kulala mpaka watoto warudi, ikiwa jirani yake seremala hapigi misumari. Jirani yake seremala hupiga misumari. Mama Pacha akisema amechoka halalamiki kama watu wengine, anatoa taarifa.

Sasa msimamizi wa vyumba, zamu ya mchana, alikuwa amehama na mumewe, na nafasi yake iko wazi. Meneja mpya, mama mmoja wa miwani asiyecheka ovyo, angewasaili watu watatu, Mama Pacha akiwa mmoja wao, saa nne asubuhi hiyo hiyo. Wageni wa hoteli siku hizi karibu wote ni Wafaransa, kwa hiyo na usaili ni wa Kifaransa. Atakayeipata kazi atafanya kazi mchana na kulala usiku. Cheo hakikumshughulisha sana Mama Pacha. Alichokitaka ni hiyo sehemu ya pili.

Maneno alikuwa nayo. Yule msimamizi aliyehama alimfundisha kwa miezi kadhaa, kando ya mashine za kufulia, mpaka akajua shuka, taulo, ufunguo, stoo, bustani, jiko, chumba cha kufulia. Akijiona mwenyewe mbele ya meneja aliyaona maneno yote yamepanga foleni kichwani, yamevaa vizuri. Kilichomshinda ni kitu kingine.

— Majina ninayo, aliwaambia akimimina kahawa. Vinavyoniua ni hivi vidudu vinavyotangulia majina.

Hakuomba msaada. Pale kijiweni msaada hauombwi, unakuangukia. Profesa, ambaye aliwahi kusoma Kifaransa mwaka mmoja shuleni kabla mwalimu wao hajahamishwa, aliiweka mashine ya kunyolea chini, akatoka nje na kumwacha mteja kitini. Mteja alikuwa mgeni, mtu asiyejulikana na yeyote pale, aliyeingia tu kunyoa. Kichwa chake kilikuwa kimekwisha upande mmoja.

Profesa alieleza, na kwa haki yake, alieleza vizuri. Kwa Kifaransa kila jina ni la kiume au la kike, na halitoki nje peke yake. La kiume hutanguliwa na le, la kike hutanguliwa na la, na yakiwa mengi, ya kike na ya kiume, yote hutanguliwa na les. Hapo hakuna shida. Shida huanza unapotaka kwenda mahali au kutoka mahali. Kwenda ni à, kutoka ni de. À akikutana na la, wanasalimiana na kila mmoja anabaki yeye: unakwenda à la buanderie, kwenye chumba cha kufulia. Lakini à akikutana na le, wote wawili wanapotea na anatokea mtu wa tatu, au, ambaye hutamkwa o. Unakwenda au magasin, stoo. Vivyo hivyo de na le wanapotea na kuwa du. Na les naye hupotea: aux kwa kwenda, ambayo nayo hutamkwa o, des kwa kutoka.

Tani Mbili alitaka kujua kwanza stoo ilifanya nini mpaka ikawa mwanamume. Profesa alimwambia asianze.

— Mimi nimeelewa, alisema Mama Pacha. Nikiwa hapa naelewa. Nikiulizwa ghafla, nasema à le.

— Kwa sababu hujui kwa nini, alisema Sindano.

Hapo ndipo ilipoharibika, kwa kuwa kila mmoja alijua kwa nini. Sindano alisema ni jambo la mshono tu. Ukiunganisha vitambaa viwili lazima upunguze pindo, na le ni kitambaa kinachochanika nyuzi ukikishika, wakati la ameshapigwa zigizaga tangu dukani. Ukijaribu kumkata, mkasi unagoma. Afande alisema huyo Sindano hajui usalama. Majina ya Kifaransa, alivyoona yeye, ni majina ya watu wakubwa, ndiyo maana kila moja linatembea na mlinzi. Mlinzi wa kiume akifika kwa bosi anayeitwa à anasalimisha silaha na kuingia ndani ya koti la bosi. Mlinzi wa kike hasalimishi, kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwomba. Yeye mwenyewe aliwahi kufanya kazi geti moja na mlinzi wa kike, na hata meneja alikuwa akikaguliwa mkoba.

Tani Mbili aliwasikiliza wote akatikisa kichwa. Alisema chanzo ni haraka. Zamani walikuwa wakisema à le vizuri tu, kila mtu na nafasi yake, mpaka siku moja jenerali wao akataka kuwaamuru askari waende kwenye daraja, na kabla hajamaliza kusema à le, adui ameshavuka. Kuanzia siku ile ikapigwa marufuku. Mama Pacha aliuliza mbona hawakupiga marufuku à la, ambayo ni ndefu vile vile. Tani Mbili alifikiri kidogo, akasema bila shaka upande wa à la walishinda.

Saa ya Afande ilionyesha saa tatu kasoro. Mama Pacha aliitazama, akapuliza jiko, akasema kwamba meneja hatamuuliza kwa nini, atamuuliza unakwenda wapi na unatoka wapi. Kama kuna mtu wa kumsaidia kukumbuka, amsaidie. Kama hakuna, walipe vikombe vyao, yeye akanawe uso.

Tisho la kikombe lilifanya kazi. Profesa akaamua kwamba kitu hakikai kichwani mpaka kionekane kwa macho, na kwamba somo hilo litachezwa. Akaingia ndani, akamvua mteja wake shuka la kunyolea bila hata kumtazama, akatoka na viti viwili vifupi na kuviweka katikati. Yeye mwenyewe angekuwa à. Akachomeka kitana kwenye nywele, kimelala upande, kuwa ile alama ya juu. Afande angekuwa de, kwa sababu tayari kazi yake ni kuuliza watu wanakotoka. Sindano angekuwa le. Aliyebaki ni Tani Mbili.

— La ni wewe, alisema Profesa.

— Nani?

— La. Wa kike.

Tani Mbili aliweka kikombe chini taratibu. Aliwakumbusha kwamba ana wake wawili na ndevu. Aliwakumbusha gari gani alilolisukuma peke yake na mbele ya nani. Alimwambia Sindano ndiye anayefaa, kiuno anacho. Sindano naye akasema hata kwa kitambaa cha bure hakubali. Profesa alisema à hawezi kuwa la, hilo haliwezekani kisarufi. Afande alisema umri wake haumruhusu. Wanaume wanne wakawa wamesimama katikati ya barabara ya watu wakikataa neno la herufi mbili.

Mama Pacha aliukoroga mkaa. Alikuwa ameamka tangu jana.

— Shemeji, alimwambia Tani Mbili kwa sauti ya chini. Kaa tu.

Tani Mbili alikaa. Alikaa kwa hasira, kikombe mkononi, amempa kila mtu mgongo.

Mama Pacha akataja stoo, ambayo ni ya kiume. Sindano akainuka kama alivyofundishwa, akamkalia Profesa mapajani, na Afande akawafunika wote wawili shuka la kunyolea, kitu kimoja chenye miguu minne, na sauti kutoka ndani ikasema o. Shuka lilikuwa na nywele za wiki nzima. Sindano alipotoka alikuwa anapiga chafya na shingoni ana ndevu za watu wengine. Mama Pacha akataja chumba cha kufulia, ambacho ni cha kike. Profesa akasogea karibu na Tani Mbili, akakaa kando yake kwa adabu, wakatamka à la, basi. Hakuna aliyefunikwa, hakuna aliyekaliwa. Tani Mbili hata kahawa yake hakuiacha.

Wakarudia kwa de. Bustani ni ya kiume: Sindano akaingia shukani na Afande, ambaye hutumia mafuta ya kuchua viungo, akatoka amekuwa du na macho yanamtoka machozi. Jiko la kupikia ni la kike: Tani Mbili akapokea salamu ya Afande, akaongezewa kahawa. Wakajaribu na lifti, ambayo jina lake linaanza na irabu, na hapo le hafunikwi ila hupoteza irabu yake na kumng'ang'ania jirani. Profesa akaamua Sindano avue kofia na kuushika mlango wa kibanda, ambao ndio jina. Sindano alisema huo ni mtihani mwepesi kuliko yote na akaomba lifti tena.

Tani Mbili sasa alikuwa amegeuka na kukaa kifalme, mguu juu ya mguu.

— Kumbe huyu la ndiye mwenye nyumba, alisema.

Sindano akasema sasa imetosha, zamu zibadilishwe. Afande akasema kwa umri wake ingekuwa busara yeye awe la. Hata Profesa, ambaye mapaja yalikuwa yameanza kumuuma, alikumbuka kwamba kisarufi hakuna kinachozuia. Tani Mbili alisema kiti hakitoki. La habadilishwi, Profesa mwenyewe ndiye aliyefundisha.

Mama Pacha hakucheka sana, lakini kitu kilikuwa kinatokea. Walipomtajia jina, hakuwa tena anatafuta kidudu. Aliona tu ni nani anayekaa na nani anayefunikwa. Stoo, akamwona Sindano chini ya shuka. Kufulia, akaona kikombe cha Tani Mbili kimetulia. Alijibu moja, akajibu lingine, akajibu wakati anaosha vikombe bila kugeuka. Profesa akawa anataja haraka haraka, na yeye anajibu haraka haraka, mpaka wapita njia wakaanza kusimama.

— Vyumba, alisema Profesa. Vingi.

— Les, alisema Mama Pacha. Wote wanaingia.

— Wote nani, aliuliza Tani Mbili.

Profesa alimweleza kwa furaha ya mtu aliyesubiri muda mrefu. La akiwa peke yake hamezwi. Wakiwa wengi, hakuna cha kike wala cha kiume, les wote humezwa. Na kiti kiko hapa.

Tani Mbili alibisha, lakini wengi walikuwa upande wa sarufi. Sindano akakaa mapajani kwa Profesa, kwa kuwa alishazoea. Tani Mbili akaja, akawapa mgongo, akajiweka juu yao taratibu kama mtu anayeshusha injini, na Afande akatupa shuka. Kwa muda mfupi kulikuwa na kilima cheupe katikati ya barabara, na kutoka ndani kabisa sauti nyembamba ikasema o. Kisha kiti kikavunjika. Kilima kikaenda upande wa jiko, mguu wa mtu ukapiga birika, na kahawa yote iliyobaki ikamwagika kwenye mkaa kwa mlio mrefu.

Moshi ulipopungua, mteja wa Profesa alikuwa amesimama mlangoni, kichwa upande mmoja kinang'aa na upande mwingine kina nywele. Kila mtu alitegemea swali la kichwa chake, na Profesa, akiwa bado chini, alishaanza kuandaa jibu. Yule mgeni alimtazama Mama Pacha, akalitazama birika lililolala.

— Samahanini, alisema. Huyu mama akiipata hiyo kazi, kahawa itapikwa na nani?

Tani Mbili alifuta majivu kwenye goti kwa muda mrefu kuliko goti lilivyohitaji. Sindano alilikunja shuka. Walikuwa wamehangaika asubuhi nzima kumsukuma atoke, na hakuna hata mmoja aliyeangalia anatoka wapi.

Afande ndiye aliyeanza. Alisema Kifaransa si lugha ya kuendea mbio. Sindano akasema kwamba na huyo meneja anasikika ni mgumu, mtu anaweza kujiaibisha bure, na nafasi hizi hutokea kila mara. Profesa alitoa kitana kichwani, akasema kuna jambo hakulitaja, kuna majina mengine hayafuati kanuni kabisa, pengine afadhali asome mwaka mmoja zaidi, hapa hapa, bila malipo. Waliongea kwa upole sana. Mama Pacha aliwasikiliza wote huku akikung'uta birika. Hakuwachukia. Aliwajua kama mtu anavyowajua watoto wanaougua ghafla siku mama anayotaka kusafiri.

— Tani Mbili, na wewe sema lako, alisema.

Tani Mbili alikuwa bado chini.

— Mimi ni la, alisema. Sisemi kitu, nimebaki palepale. Nenda, shemeji. Utachelewa.

Mama Pacha alinawa uso, akafunga kitambaa vizuri, akavuka barabara. Kwa mara ya kwanza aliingia kwa mlango wa mbele.

Meneja alikuwa na miwani kweli. Aliuliza, na maswali yalikuwa yale yale: mashuka machafu yanapelekwa wapi, taulo safi zinatoka wapi, mgeni akipotea utamwelekeza wapi. Mama Pacha alijibu. Aliposema anakwenda stoo aliona miguu minne chini ya shuka, akauma mdomo. Aliposema anatoka bustanini alisikia chafya ya Sindano. Kwenye vyumba, vingi, aliona kilima kikiinama upande, na hakuweza tena, akacheka. Meneja alivua miwani akataka kujua kinachochekesha. Mama Pacha hakuwa na Kifaransa cha kutosha kueleza, akasema tu mtu mkubwa sana, kiti kidogo sana. Meneja alimtazama. Halafu akauliza mgeni akidai shuka lake halijabadilishwa na mfanyakazi anasema limebadilishwa, atafanya nini. Mama Pacha akajibu kwamba ataenda kulishika, shuka lililolaliwa halidanganyi mkono wa anayefua. Hiyo aliisema kwa makosa mengi, na meneja hakusahihisha hata moja.

Mwisho meneja alimwambia kazi ni yake, na kwamba zamu ya mchana haina mtu, kwa hiyo angependa aanze leo, saa sita.

Mama Pacha alifikiria sare, funguo, korido ndefu zenye zulia. Alifikiria kwamba hajalala tangu jana. Kisha sentensi ikatoka yenyewe, bila Sindano wala shuka, ya kwanza katika Kifaransa ambayo hakuitafuta.

— Aujourd'hui, madame, je vais au lit.

Leo ninakwenda kitandani. Meneja alivaa miwani, na kwa mara ya kwanza akacheka. Akasema kesho, basi, saa mbili.

Kijiweni walikuwa wamesimama wote. Hakuhitaji kusema, walimwona usoni, na Tani Mbili akapiga makofi mara moja kisha akaona aibu. Jiko lilikuwa limewashwa upya. Kopo la kahawa aliloliacha lilikuwa limefunguliwa. Birika lilikuwa katikati, limesuguliwa mpaka likang'aa, tupu, na wao wanne wamelizunguka. Sindano alikuwa anaeleza kwamba kahawa ni kipimo tu, kama suti. Profesa alikuwa anaeleza nadharia ya moto. Mama Pacha aliwaambia kopo ni lao na birika ni lao, akaendelea kutembea.

Alikuwa ameshapita kibanda aliposikia sauti ya yule mgeni, ambaye nusu ya nywele zake bado zilikuwa kichwani.

— Jamani, maji huwa mnachota wapi?

Mama Pacha alipunguza mwendo kidogo, kwa udadisi tu. Profesa alimtazama Sindano, Sindano akamtazama Tani Mbili, na Tani Mbili akalitazama birika kana kwamba lingesema lenyewe. Hata Afande, ambaye miaka yote hiyo hakuwahi kumwachia mtu apite bila kumuuliza anatoka wapi na anakwenda wapi, hakuwahi kuyauliza maji. Mama Pacha alingoja kama kuna atakayejibu. Hakuna. Akakata kona, akaenda kulala.